Nani Aliyeipima Hewa?

"Hewa ina uzito." Kila aliyepitia shule ya msingi Kenya ameiandika sentensi hii mahali fulani. Mimi niliiandika katika daftari la sayansi, na chini yake nikachora kijiti kilichoning'inizwa kwa uzi, puto moja kila upande, moja limejaa na jingine limetobolewa. Mchoro ulikuwa ubaoni, tukaunakili, mwalimu akapita akitia alama ya vema. Tulikuwa zaidi ya 50 darasani na hakuna puto hata moja lililoonekana siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Mtihani ulipokuja tukaandika tulichonakili, tukapewa alama zetu, tukaendelea na maisha.

Simlaumu mwalimu. Maputo ya darasa zima yangetoka mfukoni mwake. Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa siku ile, na ndilo limenifanya niandike makala hii: aliyeandika kitabu alijuaje? Na aliyemwambia yeye, alijuaje? Ukilifuata swali hilo kinyumenyume unafika mbali sana, na njiani unagundua kwamba binadamu walibishana kuhusu sentensi hii kwa karibu miaka 2,000. Watu werevu kabisa walishika mizani mkononi, wakapima kwa makini, wakapata jibu lisilo sahihi. Na lile jaribio la maputo mawili, enyewe, ni mojawapo ya majaribio dhaifu kuliko yote.

Tuanzie Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo. Aristotle aliandika kwamba kibofu kilichopulizwa huwa kizito kuliko kitupu. Anazungumzia kibofu cha mnyama, kama kile ambacho watoto wengi vijijini wamewahi kukipuliza baada ya mbuzi kuchinjwa, wakakigeuza mpira. Kwa kuwa msemaji alikuwa Aristotle, neno lake lilipokezanwa karne hadi karne. Lakini si wote waliolimeza. Katika karne ya 6 baada ya Kristo, Simplicius, msomi aliyekuwa akifafanua vitabu vya Aristotle, alisimulia kwamba Ptolemy, yule mwanafalaki wa Alexandria, alidai kinyume chake: kibofu kilichojaa ni chepesi zaidi. Simplicius akaamua kuwaacha wakubwa hao wawili wabishane, akapima mwenyewe. Akapima kitupu, akapima kilichojaa. Hakuna tofauti.

Sasa jaribu wewe. Chukua karatasi ya plastiki iliyobaki baada ya mkate kuisha. Ikamue hewa yote itoke, ifunge kwa mpira, iweke juu ya mizani ya jikoni. Kisha ifungue, ipunge ijae hewa, ifunge tena kwa mpira uleule, uipime mara ya pili. Mizani haitasogea hata kidogo. Utakuwa umerudia kipimo cha Simplicius, na utakuwa umeona kwa macho yako kwamba hewa haina uzito. Au sivyo?

Aliyewahi kuteka maji kisimani anajua jibu, ila labda hajawahi kulifikiria hivyo. Ndoo ikiwa bado imezama, imejaa pomoni, unaivuta kwa vidole viwili. Maji yaliyo nje ya ndoo yanayabeba maji yaliyo ndani. Ndoo inapochomoza juu, hapo ndipo mkono unapata habari. Maji yalikuwa na uzito wakati wote, lakini huwezi kuyapima ukiwa bado uko ndani yake. Simplicius alikuwa anapima ndoo iliyozama. Hewa ya ndani ya kibofu ilibebwa na hewa ya nje, na mizani ikasoma sufuri, ilivyostahili kusoma.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha na kunisumbua kwa pamoja. Aristotle alikuwa na jibu sahihi, lakini kibofu chake kisingeweza kulithibitisha. Simplicius alipima vizuri, akaambulia jibu la kupotosha. Kwenye karatasi ya mtihani Aristotle angepata alama na Simplicius angepigwa mkasi. Ukiniuliza mimi ni nani kati yao aliyekuwa anafanya sayansi, nitakujibu Simplicius, bila kusita.

Basi unaitoaje ndoo kisimani, ikiwa kisima ni anga lote? Galileo Galilei alipata ujanja. Kitabu chake cha mwisho kilichapishwa Leiden mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe akiwa Italia katika kifungo cha nyumbani kwa amri ya mahakama ya Kanisa. Humo anaeleza jinsi ya kuchukua chupa ya kioo na kuisindilia hewa ya ziada kwa nguvu, ibanwe ndani bila chupa kupanuka. Chupa inapimwa kwa mizani nyepesi sana, chembe za mchanga zikiwa upande wa pili. Kisha hewa ya ziada inaachiliwa itoke, na chupa inakuwa nyepesi. Mchanga unaoondolewa ili mizani isawazike tena ndio uzito wa hewa iliyotoka. Kwa hesabu yake, maji ni mazito kuliko hewa mara 400 hivi. Kwenye usawa wa bahari jibu tunalolijua leo linakaribia mara 800, lakini kwa mtu aliyetumia mchanga, hiyo si haba.

Siri iko kwenye kubana. Chupa haikuongezeka ukubwa, kwa hiyo hewa ya nje haikuibeba zaidi ya mwanzo. Kilichoongezeka ni uzito mtupu. Jaribio hili unaweza kulifanya nyumbani leo jioni. Tafuta mpira wa kandanda uliopungua upepo kidogo: uwe tayari ni wa mviringo, lakini ukiubonyeza unabonyea. Uweke juu ya mizani ya dijitali, uandike namba. Uchukue pampu ya baiskeli na sindano yake, uujaze mpaka uwe mgumu wa kuchezewa, uupime tena. Mizani itapanda gramu 4 au 5 hivi. Mpira ni uleule, ngozi ni ileile, valvu ni ileile. Kilichoingia ni hewa peke yake.

Linganisha na maputo yetu ya ubaoni. Mpira wa puto ni laini, kwa hiyo hewa iliyo ndani yake imebanwa kidogo tu kuliko ya nje. Uzito wa ziada haufiki hata gramu moja. Tena pumzi uliyoipuliza ina mvuke na mate. Na ukilitoboa puto moja likapasuka, vipande vikaruka hadi chini ya kiti, upande huo lazima upande hata kama hewa ingekuwa haina uzito wowote. Yaani, tungelifanya lile jaribio, kijiti kingeinama, tungeshangilia, na bado tusingekuwa na uhakika kwamba tumeona tulichoambiwa tumekiona.

Tukishakubali kwamba ina uzito, tufanye hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu kilo moja. Bedsita ya mita 3 kwa 3, yenye dari la mita 2 na nusu, ina hewa ya kilo 22 hivi. Huo ni uzito unaozidi mtungi wa maji wa lita 20, ule unaoupandisha ngazi hadi orofa ya 4 mifereji ikikauka, ukipumzika kila kona. Mtungi wa pili umekuwa ndani ya chumba siku zote, umejaa hewa, na hulipii hata shilingi.

Na hiyo ni hewa ya chumbani tu. Juu ya dari kuna nyingine, na juu ya hiyo kuna nyingine, mpaka anga linapoishia. Hewa hiyo yote inamkandamiza nani? Swali hili halikuanzia kwa wanafalsafa. Lilianzia kwa mafundi wa pampu.

Katika kitabu kilekile cha 1638, mmoja wa wahusika wa Galileo anasimulia kwamba aliona pampu ya kunyonya maji ikigoma, akamwita fundi aitengeneze. Fundi akamwambia pampu haina ubovu. Maji ndiyo yameshuka mno, na hakuna pampu ya aina hiyo inayoweza kuyanyonya zaidi ya dhiraa 18, karibu mita 10 hivi. Galileo akaeleza kwamba nguzo ya maji, ikirefuka kupita hapo, hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi. Hapa alikosea. Mtu mwingine, Giovanni Battista Baliani wa Genoa, alikuwa amemwandikia mwaka 1630 kuhusu bomba lililoshindwa kuvusha maji juu ya kilima, na Baliani huyo alifikia kushuku kwamba mhusika ni uzito wa hewa. Fundi alikuwa na kipimo sahihi, mtu wa Genoa alikuwa na fununu, na mwanasayansi mkubwa kuliko wote wa zama zake alikuwa na maelezo yasiyofaa.

Tatizo lilikuwa neno moja: kunyonya. Tunaamini kwamba tunapokunywa soda kwa mrija tunaivuta. Chukua mirija miwili, uitie yote kinywani. Mmoja uingie kwenye soda, wa pili ubaki nje ya chupa, unaning'inia hewani. Sasa nyonya. Utanyonya mpaka mashavu yaingie ndani, na soda haitapanda. Wewe humvuti mtu. Kwa kawaida unapunguza tu hewa ya kinywani, halafu hewa ya nje, kwa uzito wake, ndiyo inayoikandamiza soda ipande. Mrija wa pili unapoiruhusu hewa ya nje iingie kinywani, nguvu zinalingana pande zote na soda inatulia tuli.

Evangelista Torricelli, aliyekuwa pamoja na Galileo katika miezi yake ya mwisho, ndiye aliyeligeuza jambo hili likaeleweka. Ikiwa hewa ndiyo inayosukuma, alifikiri, basi majimaji mazito yatapanda kidogo na mepesi yatapanda sana. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu hivi. Badala ya bomba la mita 10 linalopita nje ya nyumba hadi paani, mrija wa kioo wa mita moja unatosha. Rafiki yake Vincenzo Viviani aliujaza mrija kwa zebaki, akauziba kwa kidole, akaupindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi. Mwezi Juni 1644 Torricelli alimwandikia Michelangelo Ricci barua, akamweleza kwamba sisi binadamu tunaishi kwenye sakafu ya bahari ya hewa. (Hili usilijaribu nyumbani. Zebaki ni sumu, na mvuke wake hauonekani.)

Wazo lilikuwa zuri, lakini bado lilikuwa wazo. Wapinzani walisema kinachoishikilia zebaki ni uoga wa maumbile, kwamba maumbile hayapendi nafasi tupu. Ungewajibuje? Blaise Pascal alipata njia. Bahari ina kina. Ukipanda kutoka sakafuni, maji yaliyo juu yako yanapungua. Ikiwa kweli tuko chini ya bahari ya hewa, basi juu ya mlima zebaki inapaswa kushuka. Na hakuna mtu angethubutu kusema kwamba maumbile yanaogopa utupu zaidi bondeni kuliko mlimani.

Pascal alikuwa kijana wa miaka 24, mgonjwa-mgonjwa, na Paris haina mlima. Tarehe 15 Novemba 1647 alimwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa dada yake Gilberte, aliyeishi Clermont katikati ya Ufaransa, chini ya mlima Puy de Dôme. Karibu mwaka mzima ukapita. Asubuhi ya 19 Septemba 1648 Périer alikusanya mashahidi: mapadri, maafisa na daktari mmoja. Wakaenda kwenye bustani ya watawa, sehemu ya chini kabisa ya mji, wakaandaa mirija miwili. Katika yote miwili zebaki ilisimama kwenye kipimo kimoja, zaidi kidogo ya sentimita 71 kwa vipimo vyetu. Mrija mmoja wakaubeba mlimani. Kileleni zebaki ikasimama kwenye sentimita 63 hivi. Walishangaa mpaka wakarudia mara tano: ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwa pale, nje kwenye upepo, mahali palipokingwa, wakati wa ukungu. Jibu halikubadilika.

Kila kitabu kinamtaja Pascal. Vichache vinamtaja Périer. Mimi namkumbuka mtu wa tatu, mtawa aliyeitwa Chastin. Yeye hakupanda mlima. Aliachwa bustanini na mrija wa pili, aukodolee macho siku nzima aone kama zebaki itasogea. Haikusogea. Wenzake waliporudi jioni na habari kubwa, yeye alikuwa na habari ya kwamba hakuna kilichotokea. Lakini bila yeye safari nzima ingekuwa bure, maana mtu yeyote angeweza kusema: labda hali ya hewa ilibadilika kote, chini na juu. Chastin ndiye aliyelifanya tembezi la mlimani likawa ushahidi.

Ushahidi wa mwisho ulitoka Ujerumani. Otto von Guericke, meya wa Magdeburg, alitengeneza pampu ya kutolea hewa kwenye chombo. Katika miaka ya 1650 alijulikana kwa maonyesho yake ya nusu mbili za tufe la shaba zilizounganishwa na kutolewa hewa, farasi wakivuta huku na huku na kushindwa kuziachanisha. Lakini alifanya jambo jingine lisilo na farasi wala umati. Alipima chombo kikiwa na hewa, akaitoa hewa, akakipima tena. Kikawa chepesi. Ndoo ya Simplicius, hatimaye, ilikuwa imetoka kisimani.

Na sisi tunaingilia wapi? Kilele cha Puy de Dôme kiko mita 1,465 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya jiji la Nairobi ni juu zaidi ya hapo kwa takriban mita 200. Périer alipanda kutwa nzima kufika mahali ambapo bado pangekuwa chini ya kituo chetu cha matatu. Sisi tuko mlimani tayari, na dalili zake zimejaa jikoni. Maji yanachemka Nairobi karibu nyuzi 94, si 100, ndiyo maana githeri inamaliza makaa kuliko ambavyo ingemaliza Mombasa. Pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya kisima Nairobi inakwama mita 8 na nusu hivi hata ikiwa mpya kabisa, wakati ufuoni ingekaribia mita 10. Pakiti ya krispi iliyofungwa pwani ikifika huku imevimba.

Kwa hiyo nina ombi. Siku utakaposafiri kwenda Mombasa, kwa basi au kwa treni, kunywa maji ya chupa Nairobi mpaka yaishe, ufunge kifuniko kabisa, uiweke chupa tupu mkobani. Usiifungue. Itazame Mtito Andei, itazame Voi, itazame Mariakani. Itaanza kubonyea mbavu polepole bila mtu kuigusa, na ukifika itakuwa imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nafasi yake. Joto la pwani lingetaka kuipanua hewa ya ndani, na bado chupa inabonyea. Ni kina cha bahari ya Torricelli, mita baada ya mita, kinaikamua.

Nasema haya kwa sababu tunaishi katika zama za kuambiwa. Simu inatetemeka, mtu ametuma dawa ya hiki na siri ya kile, na tumezoeshwa tangu darasani kunakili mchoro na kungoja vema. Kujua kwamba hewa ina uzito hakutakuongezea mshahara. Lakini kuna tofauti kati ya mtu aliyeambiwa na mtu aliyeona, na tofauti hiyo huanza na swali la "umejuaje?" na kipimo ambacho kingeweza kukukatalia. Walioijenga historia hii si miungu. Kuna fundi wa pampu, shemeji mvumilivu, na mtawa aliyekaa kitako akiangalia kitu kisichosogea.

Chupa mbili, basi, si moja. Zifunge zote Nairobi saa ileile. Moja nenda nayo Mombasa. Ya pili mwachie rafiki yako, mwambie aiweke mezani asiiguse, na jioni ukimpigia simu akuambie imekuwaje. Atakuona umechanganyikiwa. Atasema ni vilevile, haijabadilika chochote. Mshukuru, maana hilo ndilo jibu ulilokuwa unalingoja.